Nilijifanya Hujaji

Lile vazi jeupe sikulinunua kwa ajili ya dini, wala si kwamba lilinipendeza. Nililinunua kwa sababu nilisoma mahali kwamba anayelivaa katika kisiwa cha Shikoku hupewa vitu bure. Hilo nalitanguliza, maana kwa miaka kadhaa safari hii nimeisimulia barazani kwa namna nyingine kabisa: Wajapani watu wakarimu, Wajapani watu wa adabu, nami mgeni mwema niliyepokewa vizuri. Watu walinisikiliza, wakanisifu, wakaniongezea kahawa. Kila nilipofika pabaya nilikuwa naparuka.

Shikoku ni kisiwa kidogo kuliko vyote katika vile vinne vikuu vya Japani, na kinazungukwa na njia ya hija yenye mahekalu 88. Ukiifuata kwa miguu kutoka hekalu la 1 hadi la 88 ni kama kilomita 1,200, mara pwani mara milimani, na mtu mwenye afya yake huhitaji wiki sita hivi. Njia yote inamhusu mtawa mmoja, Kūkai, aliyezaliwa hapohapo Shikoku mwaka 774, akavuka bahari kwenda China mwaka 804 kutafuta elimu, akarudi na kuanzisha madhehebu ya Shingon. Alifariki mwaka 835 katika mlima Kōya, ingawa wafuasi wake hawasemi kwamba amefariki. Wanasema yumo katika taamuli isiyokoma, na watawa humpelekea chakula kila siku mpaka leo. Jina lake la heshima ni Kōbō Daishi, ila wazee wa Shikoku humwita kwa mapenzi O-Daishi-san, kama vile anakaa nyumba ya pili.

Hujaji huitwa henro. Inaaminika kwamba hatembei peke yake, Daishi yuko ubavuni pake hatua kwa hatua, na maneno ya kusema kwamba wasafiri ni wawili huandikwa kwenye pama lake. Hata fimbo yake si fimbo tu, ni Daishi mwenyewe. Jioni ukifika unapolala unaosha ncha ya fimbo kabla ya kuosha miguu yako. Ukivuka daraja huigongi chini, kwa kuwa kuna kisa kwamba Daishi aliwahi kukosa pa kulala akajilaza chini ya daraja, na hujui kama usiku huu hayupo chini ya hilo unalolivuka.

Kutokana na imani hiyo ndipo ilipozaliwa desturi ya osettai. Mwenyeji akimwona henro anapita humpa kitu: chenza, chupa ya chai, sarafu, lifti, pengine chumba cha kulala. Anayepewa hakatai, kwa sababu hapewi yeye. Anapewa Daishi kupitia mkono wake, na mtoaji anapata fungu lake la hija bila kuondoka nyumbani. Henro naye hutoa kikaratasi chembamba chenye jina lake na anakotoka, kiitwacho osamefuda. Mwenye kuzunguka kwa mara ya kwanza hutumia cheupe, na rangi hupanda kadiri mizunguko inavyoongezeka mpaka dhahabu kwa aliyezunguka mara 50 na kitambaa cha hariri kwa aliyefikisha 100. Wapo wenyeji wanaohifadhi vikaratasi hivyo nyumbani kama hirizi. Hili la hirizi naomba msomaji alikumbuke.

Haya yote niliyajua kabla ya kukanyaga Shikoku. Siwezi kujitetea kwa ujinga.

Nilikuwa Kobe kwa mafunzo ya kazi. Mafunzo yalipokwisha wenzangu walirudi makwao, mimi nikasogeza mbele tarehe ya tiketi ili niione Japani. Mfuko ulikuwa umekwisha kutoboka. Usiku mmoja nikasoma habari za osettai, nikapiga hesabu: chakula bure, usafiri bure, pengine na malazi. Wenzangu niliowaaga niliwapa sababu ya kisomi. Niliwaambia naenda kuona mabaki ya kambi ya Bandō, karibu na mji wa Naruto, ambako Wajapani waliwafunga mateka wa Kijerumani kuanzia mwaka 1917 hadi 1920. Sababu yenyewe ilikuwa nzuri, na mtu wa Tanga ana haki ya kuipenda. Mwanzoni mwa Novemba 1914 Wajerumani waliwatimua Waingereza na askari wao wa Kihindi pale Tanga kwetu, na wiki hiyohiyo Wajerumani wengine walisalimu amri kwa Wajapani huko Qingdao, China. Baadhi ya hao wa Qingdao ndio walioishia Bandō, wakalelewa vizuri na mkuu wa kambi aitwaye Matsue Toyohisa, wakaoka mikate, wakachapisha gazeti, na tarehe 1 Juni 1918 wakapiga simfoni ya tisa ya Beethoven, mara ya kwanza kusikika nzima katika Asia. Huku kwetu wakati huo wazee wetu walikuwa wanakufa njiani na mizigo ya kamanda wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, kichwani. Makumbusho ya kambi ile niliyapitia haraka kama mtu aliyechelewa basi. Hekalu la 1, Ryōzenji, halikuwa mbali, na ndiko roho yangu ilikokuwa.

Penye hekalu hilo kuna duka la mahitaji ya henro. Nikachukua koti jeupe, pama la majani, fimbo na bunda la vikaratasi vyeupe. Kitabu cha mihuri sikukichukua. Kila hekalu lina ofisi ambako mtawa au karani hukuandikia kwa brashi ukurasa mzuri na kuupiga mihuri mitatu myekundu. Wakati ule ilikuwa yeni 300 kwa hekalu, na tangu mwaka 2024 ni 500. Niliona gharama. Hapo tayari mtu mwenye macho angenigundua, kwa sababu henro huhifadhi kitabu hicho kuliko pasipoti na wengine huagiza wazikwe nacho.

Mama wa duka hakuonyesha kunigundua. Nilipolivaa koti nilipitisha upande wa kulia juu ya wa kushoto. Akaguna, akanifungua kamba, akanivika upya kwa mikono yake, kushoto juu ya kulia, akalinyoosha kola. Kulia juu ya kushoto ndivyo anavyovishwa maiti. Na koti lenyewe asili yake ni sanda. Zamani watu walikufa njiani, wakazikwa na walichokivaa, na fimbo ikachomekwa kuwa alama ya kaburi. Mimi ni Mwislamu. Sikuhitaji kufafanuliwa nguo nyeupe ya hija inayofanana na sanda ni kitu gani. Kama ningemwona mtalii amejifunga ihramu Makka ili agaiwe tende na maji, ningemlaani mpaka jioni.

Aliniuliza naenda mpaka wapi. Nikamjibu kwa Kijapani changu cha kuokoteza: themanini na nane, yote, kwa miguu. Akafunga viganja kifuani, akaniinamia.

Nisieleweke vibaya. Kosa si mgeni kuvaa koti lile. Njia ya Shikoku haimwulizi mtu dini yake, na wageni wanaoitembea ni wengi, wenye imani na wasio nayo. Kosa si kutumia gari pia, kwa sababu mahujaji wengi wa siku hizi huenda kwa basi au gari dogo, na hakuna anayewacheka. Wala si lazima uzunguke kisiwa chote kwa mkupuo mmoja. Wapo wanaokigawa vipande, mwaka huu mkoa mmoja, mwaka ujao mwingine. Ningenuia mahekalu kumi tu ya bonde la mto Yoshino, nikayatembea kwa heshima, ningekuwa henro halali wa mahekalu kumi. Milango yote ya uaminifu ilikuwa wazi. Mimi nikapita dirishani.

Mahekalu yale kumi ya mwanzo yapo karibukaribu, na hilo lilinifaa. Nilitembea kidogo asubuhi ili niwe na vumbi la kutosha, kisha nikawa natafuta benchi. Nilijifunza upesi benchi zipi zina faida. Zile za kando ya barabara kuu hazifai, magari yanapita mbio. Zinazofaa ni za vichochoroni, karibu na bustani za mboga, wanakopita wazee na mikokoteni yao. Unakaa, unavua pama, unajifuta jasho polepole. Usimwangalie mtu, maana anayemwangalia mtu anaonekana anaomba. Naona haya kuandika haya kwa ustadi hivi, ila huo ndio ukweli. Niliusomea utapeli wangu kama mtu anayesomea mtihani.

Nikapewa. Machenza mengi, kwa kuwa ulikuwa msimu wake. Mtu wa kwetu aliyekulia karibu na machungwa ya Muheza hashangazwi na chenza, lakini haya yalikuwa matamu kweli, na maganda yake yanatoka kwa kidole kimoja. Kahawa ya moto ya kopo. Matonge ya wali yaliyofungwa kwa mwani, ambayo mama mmoja alinihakikishia kwa ishara kwamba ndani ni samaki, si nyama. Mzee mmoja alisimamisha kipikapu chake akanifungulia mlango. Henro aliyeweka nadhiri ya kutembea ana ruhusa ya kukataa kitu kimoja tu, lifti. Mimi nilikipokea hichohicho. Mzee akaniendesha huku akinionyesha milima, amefurahi kwamba amembeba Daishi.

Njiani kuna vibanda vya mbogamboga visivyo na muuzaji. Mkulima anapanga mifuko ya machenza, viazi vitamu au figili, anaandika bei, yeni 100 mara nyingi, anaweka kisanduku chenye tundu, anaondoka. Nilisimama kwenye kimoja, nikachukua mfuko, nikadondosha sarafu yangu, nikaisikia ikigonga chini ya kisanduku. Nikapiga picha. Picha hiyo niliituma nyumbani na maelezo marefu kuhusu uaminifu wa Wajapani na kwa nini sisi hatuendelei. Palipokuwa hapana mtu sikuiba hata yeni moja. Wizi wangu niliufanya kwa watu walionikabili wakitabasamu.

Kati ya hekalu la 9 na la 10 ndipo aliponiita yule bibi.

"Ohenro-san! Ohenro-san!"

Nilikuwa nimekwisha mpita. Nikageuka nikamwona anatoka getini kwa hatua fupifupi, mgongo umepinda kama wa bibi zetu waliolima maisha yote, aproni kiunoni, viatu vya plastiki vya bustanini. Akanionyesha kwa mkono nisubiri. Akarudi ndani. Nilisubiri muda mrefu kiasi cha kufikiria kuondoka, kwa sababu nilikuwa nimeshaangalia saa za basi la kurudi mjini Tokushima.

Alipotoka alikuwa na vitu viwili. Cha kwanza ni sarafu za yeni 100 alizozifunga kwenye tishu na kuzisokota juu, kama tunavyofunga ubani. Alinitilia kiganjani kwa mikono miwili, kisha akakifumba kiganja changu juu yake, vidole vyake vikavu na vya baridi. Akafunga viganja, akafumba macho, akaomba. Nilielewa kwamba haniombi mimi. Alikuwa anamwomba aliye pembeni yangu, na kwa kadiri ya nia yangu pembeni yangu hapakuwa na mtu.

Cha pili ni karatasi nyembamba iliyokunjwa mara tatu. Aliikunjua ili nione maandishi ya brashi, safu moja ndefu ya herufi, akaikunja tena kwenye mikunjo ileile. Nikatoa simu na programu ya kutafsiri. Akaizungumzia simu kwa sauti ya juu, kama watu wanavyoizungumzia. Tafsiri ilikuja imekatikakatika, lakini ilikuja: mume wangu, alitaka kuzunguka, akaumwa miguu, amefariki, jina lake hili, tafadhali hekalu la 88.

Nilielewa. Ningekuwa sikuelewa ningekuwa na pa kujificha. Ningeweza kumwambia siendi huko, na maneno ya kusema hivyo kwa Kijapani niliyajua. Nikasema "hai". Nikaipokea kwa mikono miwili nilivyoona wanavyofanya, nikaitia kwenye mkoba wa pasipoti, nikampa kikaratasi changu cheupe chenye jina langu na neno Tanga, akakiinulia juu ya paji la uso kabla ya kukishika kifuani. Kama angali hai kipo mahali nyumbani kwake. Anakitegemea kimlinde.

Nikaenda zangu hadi hekalu la 10, Kirihataji, ambalo lina ngazi 333 za mawe. Nilizipanda kwa sababu ya picha. Kutoka juu unaliona bonde zima, mto Yoshino unang'aa katikati na milima ya kusini ikiwa ya bluu. Nikapiga picha, nikashuka, nikapata basi. Kesho yake nilikuwa njiani kuelekea Kyoto, koti limekunjwa chini ya begi. Zile sarafu nilinunulia kahawa ya kopo na mkate kituoni. Tishu niliitupa.

Kyoto nililala kwenye nyumba ndogo ya wageni, kwenye chumba cha vitanda vya ngazi. Binti wa mapokezi aliiona karatasi nilipokuwa natoa pasipoti, akaomba kuiangalia. Akasoma, akanyamaza, akanieleza kwa upole kwamba hilo ni jina la baada ya kifo, ambalo hekalu humpa marehemu wa Kibudha, na familia huliandika kwenye kibao cha madhabahu ya nyumbani. Akaniuliza nilifika lini hekalu la 88. Nikamwambia naelekea huko wiki ijayo. Akanipa punguzo la usiku mmoja, kwa kuwa mimi ni henro. Nikalipokea.

Baada ya hapo nikarudi nyumbani, nikawa msimulizi.

Mtu hudhani dhamiri humwamsha mwenyewe usiku. Yangu ililala fofofo. Kilichoiamsha ni shangazi yangu. Aliporudi kutoka Hija tulijaa sebuleni kwake kama ilivyo ada, tukanywa maji ya zamzam, tukala tende, tukasikiliza. Kabla ya kuondoka watu wa mtaa walikuwa wamemtuma: nipelekee salamu zangu kwa Mtume, niombee mwanangu apate kazi, mtaje marehemu baba yangu. Kila mwenye jamaa anayekwenda Hija anaijua desturi hii. Shangazi alikuwa ameyaandika yote katika daftari la shule la kurasa 48, kwa sababu aliogopa kusahau. Alitueleza jinsi alivyosimama Madina, katika msongamano ule, magoti yanamuuma, akafungua daftari akasoma jina moja baada ya jingine, na askari wa pale anawahimiza wasogee. Akasukumwa, akapoteza ukurasa, akarudi kupanga foleni upya kesho yake kwa ajili ya majina yaliyobaki.

"Mtu kakupa amana, utamwambia nini?" alisema, akakung'uta makombo ya tende kangani.

Niliaga mapema siku ile. Nyumbani nikautafuta ule mkoba. Karatasi ilikuwemo, nikaitoa, nikafungua ramani ya Shikoku kwenye simu kwa mara ya kwanza tangu nirudi. Sikuzote nilikuwa nimejiambia kwamba hekalu la 88 liko mwisho wa kilomita 1,200, na nani angetarajia mgeni mwenye tiketi ya ndege afike huko. Lakini njia ile ni duara. Hekalu la 88, Ōkuboji, liko nyuma ya milima iliyo juu ya hekalu la 10. Wapo henro ambao wakimaliza hufunga mzunguko wao kwa kushuka kutoka 88 hadi 10, kama kilomita 20 hivi, safari ya siku moja. Niliposimama juu ya zile ngazi 333 napiga picha ya mto upande wa kusini, Ōkuboji lilikuwa nyuma ya mgongo wangu. Hata utapeli wangu ungeniwezesha kuifikisha ile karatasi, kama ningejali kiasi cha kufungua ramani.

Rafiki yangu mmoja nilipomweleza aliniambia niichome. Hayo ni mambo ya hekalu, akasema, wewe Mwislamu usiyafuate, na kwa kweli Mungu amekuepusha. Ni mtu wa dini, sikumdharau. Nikamuuliza ule usiku wa Hijra, Mtume (s.a.w.) alipoondoka Makka huku makureshi wakitaka kumwua, kwa nini alimwacha Ali nyuma. Alimwacha arudishe amana zao. Za haohao makureshi, washirikina, waliokuwa wanamtafuta wamwue. Rafiki yangu akanyamaza, kisha akasema basi lipeleke jina lakini usisujudu. Hilo tunakubaliana.

Watu wa Shikoku wana kisa chao cha mwenye kosa, na wanakisimulia sana. Emon Saburō alikuwa tajiri wa Iyo, ambayo leo ni Ehime. Mtawa ombaomba alifika mlangoni kwake mara kadhaa, akamfukuza, mwishowe akalipiga bakuli lake likavunjika vipande vinane. Watoto wake wanane wakafa mmoja mmoja. Alipotambua kwamba yule alikuwa Daishi, akaacha mali yote, akazunguka kisiwa kumtafuta aombe radhi. Alizunguka mara 20 bila kumpata, ya 21 akazunguka kinyume, akaanguka hoi karibu na hekalu la 12, na hapo ndipo Daishi alipomtokea. Wanasema yeye ndiye henro wa kwanza. Nilipokisoma kisa hiki nilijiona nafuu kwa muda, kwa kuwa yeye alinyima na mimi sikumnyima mtu. Halafu nikaona kwamba Saburō angalau alipomfukuza yule mtawa alimwonyesha sura yake halisi. Yule bibi hakuiona sura yangu.

Na nimejaribu visingizio vyote. Kwamba sarafu zilikuwa chache. Kwamba yeye amekwisha pata thawabu zake kwa nia yake, iwe mimi mkweli au mwongo. Hiki ndicho kisingizio kizuri kuliko vyote, na huenda ni kweli kwa upande wa sarafu na machenza, maana alichotoa alikitoa kwa Daishi na Daishi hadanganyiki. Lakini karatasi haikuwa zawadi. Ilikuwa na mahali pa kwenda. Marehemu ambaye miguu ilimkatalia akakabidhiwa kwa kijana mwenye miguu mizima, na kijana akambeba kwenye mkoba mpaka Afrika.

Kuiposti kunawezekana. Nimeshauliza: hekalu lina anwani, barua zinafika, na kwa wema wao wangeiweka panapostahili. Sikuiposti. Bibi hakuhitaji mtu wa posta, kwani posta ya Japani ni nzuri na alikuwa nayo mtaani kwake. Alitaka jina la mumewe lipite njiani kwa miguu ya mtu. Kwenda mwenyewe ndiyo haki, nami nimeanza kuweka akiba, lakini kwa mshahara wangu na kwa likizo ninayopewa, wiki sita za Shikoku si jambo la mwaka huu wala la mwakani. Yule bibi alikuwa mzee tayari wakati ule. Ningependa jina lifike yeye angali hai, hata kama hatajua.

Kwa hiyo naomba. Wasomaji wa Kiswahili mko wengi Japani, wanafunzi, mabaharia, wafanyabiashara wa magari, na baadhi yenu mnapenda kutembea. Kama kuna aliyenuia njia hii kwa miguu, iwe yote kwa mkupuo au kwa vipande, na hekalu la 88 limo katika nia yake, aniandikie kupitia kwa mhariri. Karatasi nitaituma kwa rejista, pamoja na sarafu tano za yeni 100 za kutia kwenye kisanduku cha hekalu. Kama huna uhakika wa kufika, tafadhali usijibu.